Dawa iliyokuponya zamani inaweza kukuangusha leo



Pengine mmesikia mtu akisema: «Penisilini haiwezi kunifanya kitu. Nilichomwa sindano yake zamani, nikapona.» Msitegemee maneno hayo. Katika ugonjwa wa alerji, mara ya kwanza ndiyo hupita kimya.

Tazameni. Mwili una askari wake wa kutukinga na vijidudu. Penisilini inapoingia, inashikamana na protini za mwili, na kwa baadhi ya watu askari hao wanaidhani ni adui. Siku ile hawapigani. Wanatengeneza silaha zinazomfaa adui huyo tu, na silaha hizo zinakaa juu ya chembe fulani za ngozi, mapafu na tumbo, chembe zilizojaa kitu kikali kiitwacho histamini. Mtu hajui lolote. Anarudi kazini, anacheza mpira, anasahau.

Mwaka mwingine kidonda chake kinaoza. Dawa inaingia tena, silaha zinaitambua, na chembe zinamwaga histamini yao mara moja. Mara nyingi saa moja haiishi: ngozi inawasha na kutoa mabaka, midomo inavimba. Koo linaweza kubana, pumzi ikalia kama filimbi. Mgonjwa akiona giza na kuanguka, mishipa imelegea na damu haina nguvu ya kufika kichwani. Msimpe maziwa wala maji. Mlazeni, miguu juu. Kama hawezi kupumua, mketisheni. Mkimbizeni hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini katika paja bila kukawia. Ndiyo maana, ukisha kuchomwa sindano, usikimbilie nyumbani. Kaa karibu na munganga nusu saa.

Si kila taabu ni alerji. Tumbo kuharisha kidogo juu ya vidonge ni jambo lingine, na wengi wanaojiita watu wa alerji tangu utoto sio. Lakini munganga ndiye wa kupima hayo, si jirani.

Mama, usimpe mume vidonge vilivyobaki vya mtoto. Ampisilini na amoksisilini ni ndugu wa penisilini: jina lingine, rangi nyingine, adui yule yule. Jina la dawa iliyomvimbisha mtu liandikwe kwenye karatasi yake ya hospitali, na mbele ya kila sindano aliseme kwa kinywa chake. Kama jina limesahauliwa, mleteeni munganga kisanduku ama chupa iliyobaki.