SOMO: ZINKI NA CHUMA KISICHOSHIKA KUTU



Sisi wa Kilwa na Lindi tunaijua chumvi ya bahari. Hula misumari, bawaba na mabomba yetu. Kwa hiyo wengine hununua chuma kisichoshika kutu. Ni chuma ghali, lakini kina adui. Adui huyo ni zinki.

Mabati mengi na mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki huyeyuka kwa joto la digrii 420 hivi. Moto wa kuchomelea ni mkali kuliko huo. Zinki ikiyeyuka juu ya chuma kisichoshika kutu kilicho chekundu kwa moto, hupenya kati ya chembe zake. Chembe huachana. Chuma hupasuka. Pengine ufa hauonekani kwa macho.

Tarehe 1 Juni 1974 kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kililipuka. Watu 28 walikufa. Katika mabaki, wachunguzi walikuta bomba la chuma hicho lina ufa. Zinki iliyoyeyuka ndiyo iliyolipasua.

Fundi afanye nini?

1. Kwanza aondoe zinki yote kwa tupa, pale atakapochomelea na kando yake.
2. Asitumie brashi ya waya iliyosugua bati.
3. Achomelee penye upepo. Moshi wa zinki huleta homa.

Ndugu, ukipeleka tangi au bomba kwa fundi, muulize: "Zinki umeiondoa?"

Maswali

1. Adui wa chuma kisichoshika kutu ni nini?
2. Kwa nini ufa usioonekana ni hatari?