Kabla Hamjalipa Arubuni ya Friji



Friji, jiko la gesi au mashine ya kufulia nguo si kitu cha kununua kila mwaka. Mara nyingi fedha zake ni akiba ya miezi mingi, iliyowekwa kidogo kidogo baada ya karo na kodi ya nyumba. Kwa hiyo duka lililopokea fedha hizo likifunga milango, hasara haiishii mfukoni. Huingia hadi chumbani, na maneno huanza: "Nilikuambia!" "Ni wewe uliyekuwa na haraka!" Mwezi huu tujifunze namna ya kununua katika duka linaloyumba, tusipoteze fedha wala amani ya nyumba.

Maduka makubwa nayo huanguka

Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa tena mwaka uo huo, na baadaye ikadhoofika tena. Nakumatt ilikuwa na matawi yapatayo 60 katika Afrika Mashariki. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kubaki tupu kwa sababu waliokuwa wakiileteă bidhaa hawakulipwa. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Tuskys nayo ikaingia taabani mwaka 2020. Basi jina kubwa si dhamana.

Dalili huonekana mapema. Rafu zina bidhaa ya aina moja iliyopangwa mbele tu, matawi yanafungwa, wafanyakazi wananong'ona kuhusu mishahara, na friji iliyobaki ni ile ya maonyesho. Kisha bei inashushwa ghafla.

Hatari ya arubuni

Tuseme mume ameona friji ya shilingi 60,000 ikiuzwa 42,000. Anaambiwa, "Lipa 20,000 leo, mzigo utafika wiki ijayo." Anaona amepata bahati, naye analipa bila kumwambia mkewe, apate kumshangaza.

Maadamu hakuna friji iliyotengwa iwe yao, alichonunua mume huyo si friji. Ni ahadi tu. Duka likifilisika, yeye ni mdai. Wanaotangulia kulipwa ni wengi: gharama za usimamizi, mishahara ya wafanyakazi, kodi ya serikali, na benki zilizoshika mali kwa rehani. Mteja wa arubuni husimama mkiani pamoja na wote wasio na rehani, na pengine mfuko huwa umekauka kabla ya zamu yake. Hatari ni ile ile kwa anayelipa polepole huku chombo kikibaki dukani.

Kwa duka linaloyumba, kanuni ni moja: lipeni kile mnachobeba siku hiyo hiyo. Kama mzigo haupo, fedha zibaki nyumbani.

Waranti ni ya nani?

Wengi husoma "miaka miwili" wasiulize ni nani aliyeahidi. Ahadi ya mtengenezaji huendelea hata duka likifungwa. Ahadi ya duka lenyewe, pamoja na ile miaka ya ziada mnayouziwa kwa malipo, huenda ikazikwa pamoja na duka. Kabla ya kulipa, fanyeni haya:

1. Pigeni simu kwa kituo cha huduma cha mtengenezaji au mwagizaji wake. Ulizeni kama wanalitambua duka hilo, na kama vipuri vya aina hiyo vinapatikana nchini.

2. Hakikisheni namba iliyo mgongoni mwa chombo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya waranti, na kadi imepigwa mhuri na kutiwa tarehe.

3. Friji ya maonyesho iwashwe mbele yenu. Sikilizeni mashine yake, kisha fungeni mlango juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea.

4. Mkilipa kwa M-Pesa, jina litokee la duka, si la mfanyakazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti nyingi za siku hizi hufifia maandishi, basi zipigeni picha siku hiyo hiyo. Mkifika nyumbani, kama friji ilisafirishwa ikiwa imelazwa, isimamisheni saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye mashine yake.

Ikiwa fedha zimekwisha kunaswa

Msikae mkingoja ahadi za kila Jumatatu. Andikeni barua kudai chombo au fedha, mbaki na nakala. Duka likiwa bado linafanya kazi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima kuwa na wakili. Likiwa tayari chini ya msimamizi, pelekeni madai yenu kwake kwa maandishi, pamoja na risiti.

Nyumbani je?

Turudi kwa yule mume. Fedha zilizopotea ni 20,000, lakini kinachomuuma mke zaidi ni kwamba hakuulizwa. Mume naye, kwa aibu, huficha risiti, na siku zinapita ambazo wangeweza kudai haki yao. Afadhali aseme jioni ile ile. Naye mke ambaye angependa kusema "nilijua," aseme kwanza, "Lete risiti, tuone la kufanya." Lawama haijawahi kurudisha arubuni.

Tena kumshangaza mwenzi ni jambo zuri kwa leso au viatu. Kwa kitu cha miezi kumi ya akiba, furaha iliyo salama ni ile mliyoipanga wawili.

Maswali ya kujadili mke na mume

1. Ni kiasi gani cha fedha ambacho hakuna mmoja wetu atakilipa kabla ya kumwambia mwenzake?

2. Risiti na kadi za waranti za vyombo vyetu ziko wapi, nasi sote wawili tunapajua?

3. Je, kuna malipo ambayo mmoja wetu ameyafanya na bado hajayasema? Yasemwe leo.