Picha Zako Ziko Wapi Simu Ikizima?

Kwenye meza za mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na wenzao wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, huletwa simu za kila namna: iliyotumbukia chooni, iliyokanyagwa na bodaboda, iliyosahauliwa mfukoni mwa suruali ikafuliwa nayo. Bei ya kioo kipya mteja huivumilia, hata kama inamuuma. Swali linalomkosesha amani ni jingine: "Fundi, picha zangu zitarudi?"

Mara nyingi hazirudi, na sababu yake kila mwenye simu anapaswa kuijua. Zamani fundi stadi aliweza kung'oa chipu ya kumbukumbu kwenye simu iliyokufa, akaichomeka kwenye kifaa chake na kusoma yaliyomo. Njia hiyo imezibwa. Apple ilianza kuzisimba iPhone, yaani kuyafumba yaliyomo, kwa nguvu ya chipu yenyewe mwaka 2009. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015, Google iliwataka watengenezaji wa simu zenye uwezo wa kutosha wafanye vivyo hivyo, na kufikia Android 10 ya mwaka 2019 sharti hilo likazigusa simu zote mpya zinazotoka na mfumo huo, hata zile za bei nafuu. Picha iliyosimbwa haisomeki bila ufunguo, na ufunguo wenyewe umefungwa ndani ya prosesa ya simu ileile, ukitegemea pia namba ya siri ya mwenye simu. Chipu ya kumbukumbu ikitolewa peke yake, fundi ataona vurugu tupu ya herufi na tarakimu.

Kinga hiyo ni njema sana simu inapoibwa, kwa kuwa mwizi hawezi kuchungulia picha za familia ya mtu. Lakini humfungia nje hata mwenye mali. Ili picha zirudi, ubao wa simu lazima ufufuliwe mpaka uwake tena, kisha mwenyewe aingize namba yake. Na simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani, kama ifanyikavyo mara nyingi inapofleshiwa, ufunguo wa zamani hufutwa kabisa. Programu zinazojinadi kufufua picha zilizopotea hazina tena cha kufufua. Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia fundi, kabla hata ya kuuliza bei, ni kwamba asiifleshi simu bila ruhusa.

Ili kuona tofauti, inafaa kutazama pesa za mtandaoni. Anayepoteza simu hapotezi salio lake la M-Pesa, kwa sababu salio hilo halikuwahi kukaa ndani ya simu wala ndani ya laini. Liko kwenye kumbukumbu za kampuni, na akirudishiwa laini yake analikuta lilipo. Watu wa Kenya wamelizoea jambo hilo tangu mwaka 2007, wa Tanzania tangu 2008. Lakini picha ya marehemu bibi, sauti ya mtoto akijifunza kuongea, orodha ya wateja wanaodaiwa: hivi vyote hukaa ndani ya simu moja, na visiponakiliwa mahali pengine, huenda na simu hiyo.

Badala ya kuulizana kuhusu nakala, watu huulizana ni simu gani kali. Vijiweni, vyuoni na ndani ya daladala, mwenye iPhone ya macho matatu humcheka mwenye Tecno, wa Samsung humcheka wa iPhone kwamba amenunua jina, na wa Infinix huapa kwamba betri yake haina mpinzani. Ni utani wa jadi kama wa Simba na Yanga, na una raha yake. Umeanza tangu iPhone ilipotangazwa Januari 2007 na simu ya kwanza ya Android ilipoingia sokoni Oktoba 2008.

Kampuni zenyewe zimeuchochea utani huo kwa matangazo. Samsung iliwahi kuikejeli Apple kwa kuondoa tundu la spika za masikioni kwenye iPhone 7 ya mwaka 2016. Mwaka 2019 ikatoa Galaxy Note 10 isiyo na tundu hilo. Mwaka 2020 iPhone 12 ilipouzwa bila chaja kwenye boksi, Samsung ilitania tena, na Januari 2021 Galaxy S21 nayo ikaja bila chaja. Wakati mashabiki wakirushiana maneno, kioo cha iPhone X ya mwaka 2017 kilikuwa kimetengenezwa na kampuni tanzu ya Samsung. Nao wanaogombana kuhusu Tecno, Infinix na itel wanagombania watoto wa nyumba moja, maana zote tatu ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen nchini China.

Utani unapogeuka imani ndipo unapoumiza. Mtu akishaamini kwamba simu ya chapa yake haifi, haoni haja ya kuweka akiba. Ukweli ni kwamba kila kambi imepata msiba wake. Galaxy Note 7 ilitoka Agosti 2016. Betri zikaanza kushika moto, simu zipatazo milioni 2.5 zikaitwa zirudishwe mapema Septemba, na Oktoba uzalishaji ukasitishwa kabisa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Na hakuna nembo iliyowahi kuizuia simu isiporwe dirishani kwenye foleni.

Kwa misiba kama hiyo kila upande una ghala lake la mbali la nakala, ambalo wengi hulijua kwa jina la wingu. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na nafasi hiyo hugawanwa na barua pepe, picha na mafaili mengine. Apple hutoa gigabaiti 5 tu za iCloud. Kipimo hicho cha Apple ni kidogo mno kwa simu zinazopiga video kali namna ile: dakika moja ya video ya 4K kwa picha 60 kwa sekunde hula takriban megabaiti 400, kwa hiyo video za dakika 12 hivi hulijaza ghala lote. Upande wa Google nao, zama za kupakia picha bila kikomo zilikoma tarehe 1 Juni 2021. Ghala likijaa, nakala mpya haziingii tena. Simu hutoa onyo, mwenye simu hulipangusa kando kwa kuwa ana haraka, na harusi nzima ya dada yake hubaki kwenye simu peke yake.

Lipo tatizo lingine linalowahusu hasa watu wa huku kwetu. Simu hizi zimebuniwa na watu wenye Wi-Fi nyumbani. iCloud kwa kawaida husubiri simu ichomekwe kwenye chaji, ifungwe kioo na iwe kwenye Wi-Fi ndipo ianze kunakili. Simu za Android nazo huisubiri Wi-Fi zisipoelekezwa vingine. Familia inayoishi kwa bando inaweza kukaa miaka na kitufe cha nakala kikiwa kimewashwa bila hata picha moja kupanda, kwa sababu Wi-Fi inayosubiriwa haiji. Kitufe kilichowashwa hakitoshi; kinachopaswa kutazamwa ni tarehe ya nakala ya mwisho.

Kwa anayetumia bando, nafuu ni kuanza na vitu vyepesi. Namba za watu hazili hata megabaiti chache, na zikihifadhiwa kwenye akaunti badala ya laini hurudi zenyewe kwenye simu mpya. Laini hubeba majina machache, mara nyingi 250 hivi, na simu ikiibwa nayo huenda, maana laini mpya anayopewa mtu hurudi na namba yake lakini si majina aliyoyahifadhi humo. Mazungumzo ya WhatsApp nayo ni mepesi iwapo video zimeachwa nje, na kwenye mipangilio ya gumzo mtu anaweza kuruhusu nakala ipande kwa data ya simu. Picha na video nzito zinaweza kusubiri bando la usiku, Wi-Fi ya ofisini, au waya wa kuziteremsha kwenye kompyuta. Zipo pia flashi zenye ncha mbili, moja ya simu na moja ya kompyuta, ambazo hunakili bila kula hata baiti moja ya bando.

Flashi na memori kadi zinunuliwe kwa hadhari. Sokoni zimo kadi zilizochezewa zijitangaze kuwa na nafasi kubwa kuliko ile halisi. Zikishapita kipimo chake cha kweli huendelea kupokea picha bila kulalamika, na picha hizo hazifunguki kamwe. Kadi mpya ijazwe kwanza na mafaili yasiyo na thamani, kisha yafunguliwe moja moja kabla ya kukabidhiwa picha za watoto.

Kwa muuza vitenge au mama lishe anayepokea oda kwa WhatsApp, mazungumzo ndiyo daftari la biashara. Hapa ushabiki wa chapa una gharama inayoonekana. Nakala ya WhatsApp ya Android hukaa Google, ya iPhone hukaa iCloud, na moja haifunguki upande wa pili. Mtu aliyekusanya fedha akahama kwa furaha kutoka Samsung kwenda iPhone, akauza ile ya zamani jioni ileile, anaweza kujikuta na simu nzuri isiyo na hata ujumbe mmoja. Njia halali ya kuhama ipo: kutoka iPhone kwenda Samsung tangu mwaka 2021, kutoka Android kwenda iPhone tangu 2022, kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS. Masharti yake makubwa ni mawili. Simu zote mbili ziwe mkononi, na, kwa anayehamia iPhone, iPhone hiyo iwe haijaanza kutumika au imerudishwa katika hali ya kiwandani. Simu ya zamani isiuzwe mpaka mazungumzo yameonekana kwenye mpya.

Akaunti nayo ina mtego wake, na huu umewanasa wengi. Siku ya kununua simu, kijana wa dukani humfungulia mteja akaunti ya Google chapuchapu ili aondoke na WhatsApp inayofanya kazi. Mteja haulizi jina la akaunti wala nenosiri. Picha zinaweza kupanda huko kila siku kwa miaka mitatu, na simu ikiibwa, hakuna mtu duniani anayejua mlango wa ghala hilo. Jina la akaunti na nenosiri viandikwe kwenye karatasi, vihifadhiwe nyumbani pamoja na hati muhimu. Namba ya kurejesha akaunti iwe ile ambayo mwenyewe bado anaitumia na imesajiliwa kwa jina lake. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023.

Jambo jingine linalochanganywa sana ni nakala na usawazishaji. Anayetumia Picha za iCloud au za Google akifuta picha kwenye simu ili kupata nafasi, picha hiyo hufutwa na huko juu pia. iPhone huiweka kwenye pipa kwa siku 30, Google kwa siku 60 ikiwa ilishapanda, kisha inakwenda moja kwa moja. Kupata nafasi kuna kitufe chake maalumu cha kuondoa picha zilizokwisha kupanda. Kufuta kwa mkono si njia yake.

Wingu lenyewe huanguka. Oktoba 2009 wateja wa simu za Sidekick nchini Marekani waliambiwa kwamba majina, picha na kalenda zao pengine zimepotea, baada ya hitilafu kwenye seva za Danger, kampuni iliyokuwa mali ya Microsoft. Sehemu kubwa iliokolewa baadaye, lakini simu hizo zilikuwa zimetegemea ghala moja. Septemba 2025 moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, ukateketeza terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma zisizokuwa na nakala kwingine.

Mfano wenye mafunzo zaidi ulitokea kwenye studio ya filamu za katuni ya Pixar mwaka 1998. Amri moja ya kufuta iliyotolewa kimakosa ilianza kumeza mafaili ya filamu ya Toy Story 2. Walipokimbilia nakala za akiba, wakagundua kwamba nakala hizo zilikuwa mbovu na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani; kompyuta yake ilikuwa na nakala ya filamu. Kompyuta hiyo ilirudishwa studio ikiwa imefungwa mablanketi, na filamu ikatoka mwaka 1999. Studio yenye wataalamu wa kompyuta ilinusurika kwa nakala ya tatu iliyokuwa chini ya paa jingine.

Wapiga picha na wataalamu wa kompyuta wanafuata kanuni hiyohiyo: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida hiyo ni simu yenyewe, flashi au kompyuta ya nyumbani, na akaunti ya mtandaoni. Asiyemudu akaunti ya kulipia anaweza kumpa ndugu anayeishi mkoa mwingine flashi ya pili.

Leo, kabla hujalala, fungua mipangilio ya simu yako. Kwenye Android nenda sehemu ya Google, kisha hifadhi ya nakala. Kwenye iPhone gusa jina lako, kisha iCloud. Soma tarehe ya nakala ya mwisho. Halafu fungua akaunti hiyo kwenye simu ya mtu unayemwamini au kwenye kompyuta, utafute picha moja ya mwaka jana, kisha utoke kwenye akaunti kabla ya kurudisha kifaa cha watu. Ukiiona picha hiyo, umejua nenosiri lako ni sahihi na nakala ipo. Usipoiona, shughulikia jambo hilo wiki hii, simu ikiwa bado inawaka.