Kubadilisha Ekzosi ya Mashua: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mmiliki wa mashua katika Ziwa Nyasa anayehitaji vipuri vya injini mara nyingi hulazimika kuvifuata Mbinga au Songea mjini. Kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni safari ya zaidi ya kilomita 150, na vipuri vingi vinavyopatikana huko vimetengenezwa kwa ajili ya magari, pikipiki au mashine za kusaga. Kipuri kisichofaa hakionyeshi kasoro yake dukani. Huionyesha ziwani, chombo kikiwa na watu na mizigo.

Somo hili linahusu mashua za tanga zenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo. Injini inayoning'inizwa nyuma ya tezi hutoa moshi wake chini ya maji, hivyo haihusiki. Baada ya kusoma, mlaji ataweza kutambua aina ya ekzosi aliyonayo, kununua vipuri kwa namna inayolinda haki zake, na kuikagua kazi ya fundi kabla ya kukamilisha malipo.

Aina mbili za ekzosi

Ekzosi kavu hupitisha moshi katika bomba la chuma hadi nje bila kuuchanganya na maji. Muundo wake ni rahisi, lakini joto la moshi huweza kuzidi nyuzi 400 za Selsiasi injini inapofanya kazi nzito. Kwa hiyo bomba sharti lizungushiwe kitambaa kisichoshika moto, lisiguse mbao, kamba wala tanga, na mdomo wake usielekezwe wanapokaa abiria.

Ekzosi ya maji hutumia maji ya ziwa yaliyokwisha kupooza injini. Maji hayo huingizwa katika moshi kwenye kiwiko cha chuma kilicho karibu na injini. Moshi uliopoa hushuka pamoja nayo katika tangi dogo, kisha huyasukuma yapande upinde wa mpira na kutokea tezini. Aina hii haina kelele nyingi wala joto kali, lakini huyaleta maji karibu na silinda. Ikifungwa vibaya, huiharibu injini.

Hatari tatu

Ya kwanza ni sumu. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa kuwa zinafanana na kuchafukwa na mawimbi, nahodha huweza kuzipuuza. Chombo kilichofunikwa turubai huongeza hatari, kwani kinapokwenda mbele huvuta ndani hewa ya nyuma ya tezi pamoja na moshi wake. Watu kadhaa wakipatwa na dalili hizo kwa wakati mmoja, zima injini, fungua turubai, wapeleke kwenye hewa safi na watafutie matibabu haraka.

Ya pili ni maji kurudi kwenye injini. Mashua inapokwenda kwa tanga, injini ikiwa imezimwa, hulala upande, na mawimbi hupiga tezi. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, jambo hili ni la kawaida. Upinde wa mpira ukiwa mfupi, maji hupanda na kuifikia silinda. Maji hayagandamiziki kama hewa: atakayewasha injini katika hali hiyo huweza kupinda vyuma vya ndani. Zaidi ya hayo, kiwiko kikiwa chini mno, maji ya ziwa huendelea kujivuta yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Maelekezo ya watengenezaji wengi hutaka mahali maji yanapoingizwa pawe angalau sentimita 15 juu ya usawa wa maji, chombo kikiwa kimepakia mzigo. Pasipofikia kimo hicho, ni lazima ifungwe valvu ya hewa inayokata mvuto huo.

Ya tatu ni bomba jembamba. Moshi usiopata njia ya kutosha hurudi nyuma, nguvu ya injini hupungua, mafuta hutumika zaidi na moshi huwa mweusi. Kipenyo cha bomba na mpira kisiwe chini ya kile kilichotajwa katika kitabu cha injini.

Taja matumizi unaponunua

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga muhimu. Mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wake, na bidhaa ikiwa ni ya aina anayoiuza katika biashara yake, bidhaa hiyo yapasa kufaa kwa matumizi hayo. Anayetaja jina la chapa peke yake huweza kuipoteza kinga hiyo.

Chukulia mfano wa mnunuzi aliyetoka Liuli na kuomba “mpira wa inchi mbili”. Akipewa mpira wa radieta ya gari, muuzaji ametimiza alichoombwa. Lakini akisema, “Nahitaji mpira wa ekzosi ya maji ya mashua ya dizeli,” na maneno hayo yakaandikwa kwenye risiti, wajibu wa muuzaji umebadilika. Dai risiti ya kielektroniki, na maelezo ya matumizi yaandikwe juu yake au kwenye karatasi iliyosainiwa na muuzaji.

Epuka vibadala vitatu:

1. Mpira wa radieta. Haukutengenezwa kustahimili masizi na asidi, na mtiririko wa maji ukikatika huungua upesi.
2. Bomba la maji la nyumbani. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, lakini salfa iliyomo katika moshi wa dizeli hutengeneza asidi inapokutana na maji, nayo hula chuma kutoka ndani.
3. Sailensa ya gari katika ekzosi ya maji. Haikukusudiwa kupitisha maji, na huoza mapema.

Makubaliano na jaribio

Kabla ya kazi kuanza, andikeni vipuri vitakavyotumika, gharama ya ufundi, muda wa kumaliza na muda wa dhamana. Lipa kwa awamu, na uchukue vipuri vya zamani. Awamu ya mwisho ilipwe baada ya jaribio lifuatalo:

• Chombo kikiwa kimefungwa imara gatini, injini iendeshwe ikiwa na mzigo kwa dakika 30.
• Maji yatoke tezini mfululizo, na mpira uweze kuguswa kwa mkono bila kuunguza.
• Pasiwe na masizi, unyevu wala harufu ya moshi kwenye maungio. Kila ncha ya mpira ibanwe kwa vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu.
• Zima injini, subiri saa moja, kisha kagua ngama. Maji yasiwe yameongezeka.

Mwagize fundi akuonyeshe pia valvu ya kuingizia maji. Injini ikikataa kuwaka baada ya majaribio kadhaa, ifunge, kwa sababu pampu huendelea kuleta maji huku hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Ifungue mara tu injini inapowaka.

Ukiwa na malalamiko

Anza kwa kumwandikia muuzaji au fundi, ukiambatisha nakala ya risiti na makubaliano. Ikiwa ulipotoshwa kuhusu ubora au matumizi ya bidhaa, peleka lalamiko Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kuhusu usalama wa chombo chenyewe, wasiliana na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kabla ya kurejea kubeba abiria.

Maswali ya kujipima

1. Je, ekzosi ya chombo chako ni kavu au ya maji?
2. Kiwiko kipo sentimita ngapi juu ya maji, mzigo ukiwa umepakiwa?
3. Risiti yako inataja matumizi ya kipuri ulichonunua?