Vituo Vitatu vya Usalama Katika Chumba cha Upasuaji

Mgonjwa aliyepewa nusu kaputi hawezi kueleza kwamba anapumua kwa shida, wala kwamba mguu unaoandaliwa siyo ule unaomuuma. Usalama wake umo mikononi mwa wengine. Makala hii inaeleza namna orodha fupi ya maswali inavyoweza kumlinda, na kwa nini orodha hiyo hushindwa inapogeuzwa kuwa karatasi ya kutiwa alama tu.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulifanyika katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Watafiti walifuatilia kwanza wagonjwa 3,733 waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kisha ikaanzishwa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki, wakafuatiliwa wagonjwa 3,955. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha hiyo ina vituo vitatu. Cha kwanza ni kabla ya dawa ya usingizi: mgonjwa huthibitisha jina lake, aina ya upasuaji, sehemu itakayopasuliwa na ridhaa yake, mashine na dawa hukaguliwa, huulizwa kuhusu mzio, ugumu wa njia ya hewa na uwezekano wa kupoteza damu nyingi. Cha pili ni kabla ya kupasua ngozi: kila mhudumu hutaja jina na kazi yake, na huhakikiwa kama antibiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Cha tatu ni kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani: vifaa, sindano na vitambaa huhesabiwa, sampuli huandikwa jina, na timu hukubaliana juu ya uangalizi unaofuata.

Katika kituo cha kwanza huhakikiwa pia kwamba oksimita imebanwa kidoleni na inafanya kazi. Kifaa hiki hupitisha mwanga katika kidole na kukadiria kiasi cha oksijeni katika damu. Midomo hubadilika rangi oksijeni ikiwa imekwisha kushuka sana. Oksimita huonya mapema, wakati bado ipo nafasi ya kurekebisha.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka jimbo la Ontario, Kanada, ulitoa picha tofauti. Katika hospitali 101, vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla ya orodha na 0.65 baada yake, tofauti ndogo mno kuhesabiwa kuwa mafanikio. Tafiti zote mbili zililinganisha kabla na baada, hivyo haziwezi peke yake kuthibitisha chanzo cha mabadiliko. Lakini somo moja ni la busara: kuwa na orodha si sawa na kuitumia. Alama inayotiwa wakati daktari mpasuaji bado hajaingia chumbani haimlindi mtu.

Kwa wahudumu, basi, maswali yasomwe kwa sauti, wote wakiwa wamesimama na kusikiliza. Muuguzi mdogo kuliko wote awe na haki ya kusema, "Tusubiri, hesabu haijatimia," na asikaripiwe.

Kwa mgonjwa, usichoke kuulizwa jina lako mara tatu. Huko si kusahauliwa. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, mzio wowote, meno yanayolegea na shida yoyote iliyowahi kukupata wewe au ndugu wa damu wakati wa nusu kaputi. Useme kweli pia kuhusu chakula. Dawa ya usingizi huzima kikohozi kinacholinda mapafu, na kilichomo tumboni kikipanda kooni huweza kuingia mapafuni. Kwa upasuaji uliopangwa, mtu mzima kwa kawaida huacha chakula angalau saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla. Fuata maelekezo ya hospitali yako. Ukiwa umekula uji alfajiri, sema. Kuahirishwa kwa siku moja ni usumbufu. Mapafu yaliyoingiwa na chakula ni hatari ya maisha.