Usingizi Mzuri Msimu wa Baridi: Mwili Upumzike, Jiko Libaki Nje

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Kariandusi na maeneo jirani ya Elementaita na Gilgil hupitia usiku wenye baridi. Wengi hujifungia ndani mapema, kisha hukaa macho wakigeuka huku na huku. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto. Somo hili linaeleza namna ya kupata usingizi bila kuhatarisha maisha.

Kwa nini usiku huonekana mrefu

Kariandusi iko karibu na ikweta, kwa hivyo usiku wake ni takriban saa 12 mwaka mzima. Kinachobadilika ni baridi. Ingawa eneo hili liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, bado ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka miinukoni na kutulia bondeni.

Baridi hiyo huwafanya watu kulala mapema kupita kiasi. Mtu mzima huhitaji angalau saa 7 za usingizi. Aliyelala saa mbili usiku anaweza kuamka saa tisa akiwa ametosheka, kisha akadhani ni mgonjwa. Ni afadhali asubiri hadi usingizi umjie, na aamke saa ile ile kila siku. Watoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12, kwa hivyo wao walale mapema.

Mwili unavyojiandaa

Kabla ya usingizi, joto la ndani ya mwili hupungua kidogo kwa kutokea mikononi na miguuni. Miguu ikiwa baridi, mishipa ya damu hujikaza, joto halitoki vizuri na usingizi huchelewa. Kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kuvaa soksi kavu husaidia.

Chai na kahawa zina kafeini. Kwa watu wengi, takriban nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hivyo chai ya saa tatu usiku inaweza kumsumbua mnywaji hadi saa nane. Miraa na muguka pia hufukuza usingizi. Pombe huleta usingizi upesi, lakini humwamsha mtu katikati ya usiku na kuupotezea mwili joto.

Zoezi la kulegeza misuli

Zoezi hili linatokana na kazi ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyechapisha kitabu kuhusu njia hiyo mwaka 1929. Halihitaji kifaa chochote.

1. Lala chali, ujifunike vizuri, na upumue polepole kupitia puani.
2. Kaza misuli ya miguu kwa sekunde tano hivi, kisha iachilie ghafla. Tulia kwa sekunde 15 ukihisi ilivyolegea.
3. Fanya vivyo hivyo kwa mapaja, tumbo, mikono, mabega na uso. Acha sehemu yoyote yenye jeraha au maumivu.
4. Mawazo yakirudi kwenye karo au kazi ya kesho, yaache yapite, kisha urudi kwenye pumzi.

Usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi, ni vyema kuamka, kuketi penye mwanga hafifu bila simu, na kurudi kitandani macho yanapoanza kulemea.

Jiko lisilale ndani

Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na viungo muhimu hukosa hewa. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Makaa yaliyofunikwa kwa majivu bado hutoa gesi hiyo. Sufuria ya maji juu ya jiko haiiondoi, na dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga ya kutegemewa. Jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Badala yake, familia inaweza kuongeza blanketi, kuziba nyufa za mlango, au kutumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu na kuchanganyikiwa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakizipata pamoja, watoke nje mara moja. Anayeokoa afungue milango, amtoe mgonjwa kwenye hewa safi na apige 999 au 112. Mgonjwa apelekwe hospitali hata akionekana kupata nafuu.

Wakati wa kumwona daktari

Anayekosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, anayekoroma na kukatika pumzi, au aliyelemewa na huzuni, afike katika kituo cha afya kilicho karibu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba pia wanaweza kumwelekeza.