Linki za Stabilaiza kwa Gari la Barabara za Kalama

Ukitoka Machakos mjini kuelekea Wote, lami hupanda na kujipinda vilimani kabla hujafika Kola, na gari lenye linki nzima hukaa vizuri kwenye kona hizo. Gari hilohilo, ukiiacha lami na kushika changarawe ya kupanda Muumandu, litakuambia mapema kama linki zimechoka: ngo-ngo-ngo kutoka gurudumu la mbele, hasa ukienda polepole juu ya mashimo madogo. Mimi niliivumilia sauti hiyo miezi miwili. Katika muda huo makanika mmoja alinibadilishia shoku mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote, na ngo-ngo ikabaki palepale. Linki zilipokuja kutolewa, kifundo cha upande wa kushoto kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapo. Stabilaiza ni nondo iliyopinda inayovuka chini ya gari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gari likilala kwenye kona, nondo hujisokota na kupinga ule ulalo. Linki ni kile kijiti kifupi kinachounganisha ncha ya nondo na shoku, kama ilivyo mbele kwenye Fielder, Axio na Premio, au na mkono wa chini wa gurudumu kwenye magari mengine. Linki hupeleka nguvu tu. Anayetaka gari lilale kidogo kuliko lilivyotoka kiwandani abadilishe nondo: ugumu wake hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo nondo ya milimita 24 ni ngumu kuliko ya milimita 22 kwa karibu asilimia 40. Hakuna linki itakayokupa hayo, hata ingepakwa rangi ya dhahabu. Inachoweza linki mbovu ni kukunyang'anya ulichonacho. Kifundo kikilegea, nondo husubiri ile nafasi iishe ndipo ianze kazi, na kila inapoisha, chuma hugonga chuma.

Barabara zetu zina namna yake ya kuziua. Mvua za Novemba huteremka kwenye vilima vya Kalama na kuchonga mifereji ya mshazari katikati ya changarawe. Unapovuka mfereji wa mshazari, gurudumu moja hutumbukia mwenzake akiwa juu, halafu hubadilishana. Hapo ndipo linki hufanya kazi kuliko mahali pengine popote. Kwenye tuta la lami, ambapo magurudumu yote mawili hupanda pamoja, karibu zinapumzika. Kisha ongeza vumbi. Kifundo ni mpira mdogo wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, ukifunikwa na koti la raba. Koti likipasuka, mchanga huchanganyika na grisi na kuwa msasa. Kumbuka pia kwamba Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa hadi yafikishe miaka 8, kwa hiyo gari unaloliita jipya huenda limekuja na raba za umri wa mtoto wa darasa la pili.

Kabla ya kununua, hakikisha ugonjwa. Usipandishe jeki upande mmoja kisha ukaitikisa linki: nondo itakuwa imesokoteka na kuibana, na hata linki iliyokufa itaonekana ngumu. Gari lisimame tambarare, magurudumu yote chini, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa. Mwenzako aliyumbishe kwa ubavu, nawe ushike kifundo kwa vidole. Mchezo utausikia mkononi kabla ya kuusikia sikioni. Kama bado una shaka, fungua linki zote mbili, funga ncha za nondo zisiguse kitu, kisha endesha mwendo wa mtu anayetembea mita chache uwanjani. Sauti ikitoweka, kosa liko kwenye linki au kwenye bushi za stabilaiza. Ikibaki, angalia juu ya shoku na bushi za mkono wa chini. Usithubutu kwenda na gari kwenye kona za Kola likiwa halina linki.

Sasa dukani. Jambo la kwanza nitakalolisisitiza ni kifundo kilichofunikwa. Utaonyeshwa linki za kuvutia zenye vifundo vya wazi, vile vinavyotumika kwenye magari ya mashindano, chuma kitupu kinachozunguka ndani ya pete bila koti. Kwenye uwanja wa mbio vina faida, kwa kuwa havina ulaini wowote na hubadilishwa mara kwa mara. Kwenye gari linalobeba watoto shuleni na mahindi sokoni, vumbi litavimaliza upesi, na kelele uliyoikimbia itarudi. Chukua linki yenye koti zito la raba, lililobanwa kwa pete juu na chini. Likague nje ya pakiti: likunje kidogo kwa kidole utafute mipasuko. Kisha shika bolti ya kifundo uizungushe. Linki mpya huwa ngumu na laini kwa pamoja. Inapaswa kukubishia mkono, lakini bila kukwama mahali. Ikiangukia upande wenyewe kwa uzito wake, irudishe kaunta.

Zipo linki zenye nipo ya grisi. Kwa vumbi la huku nazipendelea, kwa sharti kwamba kuna mtu atakayezitia grisi kila sevisi. Mtiaji asubiri koti livimbe kidogo na aache. Wengi hupiga pampu mpaka raba ipasuke, na hapo nipo imekuwa sababu ya kifo.

Jambo la pili ni urefu. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya nyingine, ukiwa na ile ya zamani mkononi, na ulinganishe unene wa bolti na uzi wake, maana M10 na M12 hazikubaliani. Angalia pia mwelekeo: kwenye baadhi ya magari, linki ya kushoto na ya kulia ni tofauti. Usimwambie muuzaji "nipe ya Fielder" ukatosheka. Mpe msimbo wa chasi, kama NZE121 au NZE141, kwa sababu Fielder hizo si gari moja. Kwenye Toyota nyingi, namba ya linki ya mbele huanza na 48820. Ukiwa nayo kamili, hata duka la Kirinyaga Road, Nairobi, litakutafutia bila kubahatisha.

Linki za kurefushwa na kufupishwa zina mahali pake, nalo ni gari lililobadilishwa kimo. Huku wengi huinua magari kwa spesa juu ya shoku ili tumbo lisikwaruze mawe. Utasikia fundi akisema gari likiinuliwa linki iwe ndefu. Si kweli siku zote. Kama linki imefungwa kwenye shoku, spesa huisukuma shoku chini pamoja na ncha ya nondo, na ili nondo irudi mahali pake unahitaji linki fupi zaidi. Kama imefungwa kwenye mkono wa chini, mkono hushuka na linki hutakiwa kuwa ndefu. Chungulia kwanza, kisha upime pengo gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukinunua za kurekebisha, hakikisha zina nati za kufunga pande zote mbili. Gari ambalo halijaguswa kimo halina haja nazo. Urefu wa kiwandani ndio sahihi.

Kuhusu majina, 555 ya Japani na CTR ya Korea zina sifa nzuri kwa mafundi wengi, na kwa sababu hiyohiyo huigwa. Mwandiko uliofifia kwenye pakiti, chuma kisicho na alama, au bei isiyofanana na ya duka lolote jirani ni ishara ya kutosha ya kuondoka. Dai risiti, kwani bila hiyo utakuwa na kazi kubwa ukipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Linki ya kung'olewa kwenye gari la Japani siipendekezi kabisa. Umri wa raba yake huujui.

Nunua mbili, badilisha mbili. Wakati wa kufunga, fundi ashike bolti kwa aleni kii isizunguke huku akikaza nati, na amalizie kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mashine ya upepo huzungusha kifundo kwa kasi na kukichosha kabla hakijaonja barabara. Kama linki zako ni za ile aina ya zamani yenye raba na bolti ndefu, zikazwe gari likiwa limesimama chini, wala si likining'inia jekini, ili raba zisikae zimejikunja siku zote.

Na ukiisikia ngo-ngo tena kwenye changarawe, mwombe fundi wako azishike linki kwa mkono kabla hajafungua shoku. Ni kazi ya dakika kumi.